Bia nzuri Cape Town: pa kunywea, pa kukwepa na cha kurudi nacho Dar

Mtu wa Dar anayefika Cape Town na kwenda supamaketi kutafuta bia atatoka mikono mitupu. Atakuta mvinyo umejaa kuanzia sakafuni mpaka juu, mwekundu, mweupe, wa chupa na wa boksi, lakini bia hata moja hakuna. Haijaisha. Leseni ya duka la vyakula Afrika Kusini inaruhusu kuuza mvinyo tu. Bia na pombe kali ziko kwenye duka la vileo, na mara nyingi duka hilo ni la supamaketi ileile, ila lina mlango wake na kaunta yake pembeni. Nenda mapema, maana maduka hayo hayakeshi kama grosari za Tabata.

Mji wenyewe umejengwa juu ya zabibu. Mvinyo wa kwanza wa Cape ulikamuliwa mwaka 1659, na mashamba ya Constantia yalianza mwaka 1685. Ndiyo maana kwenye migahawa ya kule Waterfront, eneo la watalii bandarini, utaletewa kitabu kizima cha mvinyo, na bia zimewekwa ukurasa wa mwisho: Castle Lite, Windhoek, Heineken, basi. Castle Lite ipo Sinza kwa bei ya Sinza, hakuna haja ya kupanda ndege kuifuata. Hata pale panapoandikwa bia ya kiwanda kidogo, kwenye mgahawa wa mvinyo bia hiyo haitoki sana. Pipa linakaa limefunguliwa wiki nzima, mpira wa bomba hausafishwi, na unachomiminiwa kina uchachu wa siki au harufu ya siagi. Hizo si ladha za mpishi wa bia. Siki huletwa na bakteria, na siagi kwenye bomba chafu nayo kwa kawaida ni kazi yao.

Kwa hiyo kanuni yetu ya Cape Town ni moja: kunywa karibu na pale bia inapopikwa, au pale inapouzwa haraka. Bahati nzuri sehemu hizo nyingi zimepangana kwenye njia moja. Newlands, Kenilworth na Diep River zote ziko kwenye reli ya kusini inayotoka katikati ya mji. Usiku usipande treni, ita Bolt.

Aliyezoea Kilimanjaro na Safari aanzie Jack Black, Diep River. Jina hili lipo sokoni tangu 2007, na baa yao imo ndani ya kiwanda, unakunywa huku unayatazama matangi. Lager yao ndiyo daraja zuri kwa mnywaji wetu: ni kavu, yaani haiachi utamu mdomoni, ina uchungu unaosikika mwishoni, na kimea, ile nafaka iliyochipushwa, kinaonja kama ganda la mkate. Ukishaizoea, panda kwenye pale ale, yenye harufu na ladha nzito kuliko lager. Usianze na IPA (India Pale Ale), ile ale ya hopi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Ulimi uliolelewa na lager ukipigwa na hopi nyingi kwa mara ya kwanza utaona uchungu tu, na harufu ya matunda itakupita.

Ulimi ukishakuwa tayari, tafuta King's Blockhouse ya Devil's Peak. Ni IPA ya asilimia 6, kwa hiyo kilevi chake ni juu kidogo ya Safari yenye 5.5, na ndiyo iliyowafanya wengi Afrika Kusini waichukulie IPA kwa uzito. Hopi zake ni za mtindo wa Kimarekani: ganda la balungi, kidogo utomvu wa msonobari. Baa ikiwa na bia ya hopi za nyumbani, zile zinazolimwa upande wa George, iulizie pia. Aina inayoitwa Southern Passion inanukia pasheni waziwazi, na hakuna tunda lililotiwa.

Newlands ni habari nyingine. Kile ni kiwanda kikubwa cha SAB (South African Breweries), kimekaa kwenye eneo la chemchemi, na ziara yake inafaa kwa anayetaka kuona bia inavyotengenezwa kwa wingi. Kama unafuata ladha, usisimame hapo. Pale Kenilworth kuna Banana Jam Cafe, mgahawa wa chakula cha Karibiani wenye bomba nyingi za viwanda mbalimbali. Hapa ndipo pa kuagiza seti ya kuonja, zile glasi ndogo ndogo kwenye ubao. Anza na nyepesi, malizia na nyeusi, na kuku wao wa pilipili mweke kwenye glasi ya katikati. Uchungu wa IPA huongeza ukali wa pilipili, kwa hiyo kuku huyo anaelewana zaidi na bia ya ngano.

Na kwa bia ya ngano, safari ya Paarl inalipa. Ni kama kilomita 60 kutoka mjini, katikati kabisa ya mashamba ya zabibu. Cape Brewing Company wapo Spice Route tangu 2012, wanapika kwa mkondo wa Kijerumani, na Amber Weiss yao inanukia ndizi mbivu na karafuu. Ni hamira inayozalisha harufu hizo, sufuriani hamna ndizi wala karafuu. Huku ndiko kwa kwenda na mwenzako anayependa mvinyo, kila mtu apate chake. Dereva asinywe: kiwango cha Afrika Kusini ni gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, na bia mbili zinaweza kukuvusha.

Popote utakapokaa, itazame glasi kabla hujaonja. Mapovu yakiganda ukutani ndani ya glasi, chini ya usawa wa povu, glasi ina mafuta au sabuni; irudishe bila aibu. Glasi safi inaacha pete za povu kila unapopiga funda. Hapa kwetu mhudumu anauliza "baridi au ya moto?" Kule hutaulizwa, na bia nyingi huja za baridi mno. Lager ni sawa kwenye nyuzi 4 mpaka 6, lakini ale inataka 8 mpaka 12. Iache mezani dakika kumi, harufu itafunguka yenyewe.

Ukinunua za kubeba, chukua makopo. Geuza kopo usome tarehe chini. IPA iliyopita miezi mitatu tangu ipakiwe iache, itakuwa inanukia boksi lililolowa. Chupa za kijani na nyeupe zilizokaa juani ni mbaya zaidi, mwanga unaibadilisha hopi na bia inanuka kicheche.

Kwenye begi la mkononi kikomo ni mililita 100, kwa hiyo makopo yote yaende kwenye begi la kukabidhi. Kinywaji kisichozidi asilimia 24 hakina kikomo cha lita kwa usalama wa ndege, kinachokubana ni kilo: makopo 12 ya mililita 440 ni kama kilo tano na nusu. Yafunge kwenye nguo katikati ya begi. Mifuko ya plastiki achana nayo, imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Ukitua, usiyaache kwenye buti wakati foleni imeshika, joto huichosha IPA. Yasimamishe kwenye friji siku hiyohiyo, unywe IPA kwanza ndani ya mwezi, na stout nzito, zile bia nyeusi, zisubiri.