Adui Mwenye Hoja: Black Panther na Wakanda Forever

Mzoefu wa kibanda umiza, ukumbi mdogo wa video wa mtaani, anajua tangu mwanzo kwamba stelingi, yaani shujaa mkuu, hafi. Kama mwisho unajulikana, kazi ya kumzuia mtu asinyanyuke kwenye benchi inabaki kwa adui, na hapo ndipo filamu nyingi za mashujaa hujikwaa. Adui anashuka na jeshi lake, anataka kuangamiza dunia nzima, anachapwa, na ukifika barabarani jina lake limeshakutoka kichwani. Black Panther ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Ryan Coogler, ilikwepa shimo hilo. Muendelezo wake wa 2022, Wakanda Forever, ulitumia mapishi yaleyale kwa adui mwingine, ukaunguza kidogo. Tunazipima zote mbili kwa swali moja: adui anadai nini, na stelingi analazimika kumjibu vipi?

Tuanze na Erik Killmonger, aliyechezwa na Michael B. Jordan. Yumo ndani ya filamu kabla hatujamjua: sauti ya mtoto anayeomba hadithi mwanzoni kabisa, huku mchanga wa vibranium, madini ya kubuni yenye nguvu za ajabu, ukijichora kuwa historia ya Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika inayoyamiliki, ni yake. Kisha tunapelekwa Oakland, California, mwaka 1992. Mfalme T'Chaka anamkuta nduguye N'Jobu na kosa la kuiba madini ya taifa, na chini uwanjani watoto wanacheza mpira wa kikapu. Filamu inakata hapo. Kwamba mfalme alimuua ndugu yake na kumtelekeza mtoto wa marehemu, ambaye ndiye Killmonger, tunaambiwa baadaye sana, mzee Zuri anapobanwa na kukiri. Mpangilio huo una maana yake. Laiti tungejua mapema, Killmonger angekuja kama mlipa kisasi wa kawaida. Kwa kuwa tunajua sambamba na T'Challa, mwana wa T'Chaka, mfalme mpya na stelingi wetu, aibu ya ukoo inatupiga siku moja na yeye.

Kuna ufundi mwingine ambao hausifiwi vya kutosha, nao ni chambo. Nusu ya kwanza inatufanya tuamini adui ni Ulysses Klaue (Andy Serkis), mwizi mcheshi mwenye silaha mkononi. T'Challa anamwahidi rafiki yake W'Kabi, ambaye wazazi wake waliuawa na Klaue, kwamba atamleta. Anamfuata hadi Busan, anamkamata, anaponyokwa. Karibu nusu ya filamu, Killmonger anafika mpakani akiburuta maiti ya Klaue na kuibwaga mbele ya W'Kabi. Ahadi aliyoshindwa kuitimiza mfalme imetimizwa na mgeni. Baada ya hapo hakuna anayehitaji hotuba kueleza kwa nini W'Kabi amegeuka, na mtazamaji mwenyewe anaanza kuyumba.

Tena kiti cha enzi anakipata kihalali. Sheria ya Wakanda inaruhusu mwenye damu ya kifalme kutoa changamoto, yeye anayo, anapigana hadharani na anashinda. Waandishi, Coogler na Joe Robert Cole, hawakumpa njia ya mkato, na ndiyo maana ushindi wake unauma.

Onyesho linalomfanya asisahaulike halina ngumi hata moja. T'Challa akinywa dawa ya kifalme, ya mmea unaompa mfalme nguvu, na kwenda kwa mababu, anafika kwenye nyika pana, mbingu ya zambarau, chui weusi juu ya mti. Killmonger akinywa dawa ileile anaingia kwenye kile chumba cha Oakland, anakutana na baba yake, na mbingu ya zambarau anaiona kupitia dirishani tu. Hata kuzimu kwake ni nyumba ya kupanga. Hakuna mazungumzo yanayoweza kusema zaidi ya dirisha lile kuhusu mtu aliyekatwa na kwao.

Makumbusho ya London ni mahali pengine pa kusimama. Killmonger anamuuliza mtaalamu wa pale kama vitu vilivyomo kabatini vililipiwa bei halali au vilichukuliwa tu kama kila kitu kingine. Msomaji wa Lindi anayejua kwamba mifupa ya dinosau wa Tendaguru imesimama Berlin, au Mpokomo wa Kenya anayejua ngoma yao ya Ngadji iko stoo ya British Museum, hahitaji kufafanuliwa mantiki ya mtu huyu. Tatizo la waandishi likawa hilohilo: hoja yake, kwamba Wakanda yenye nguvu iliwaacha weusi wa dunia wakionewa, ni nzuri mno. Ili tusimfuate moja kwa moja wakamfanya ampige risasi mpenzi wake, amkabe koo bibi mtunza mimea, na ateketeze bustani nzima ya dawa ya kifalme. Kuchoma bustani kunaeleweka, maana hataki mfalme mwingine baada yake. Risasi kwa mpenzi ni chumvi iliyozidi.

Kipimo cha adui bora ni stelingi kubadilika kwa sababu yake. T'Challa (Chadwick Boseman) anaporudi kwa mababu mara ya pili anawaambia wazi kwamba walikosea kuifungia Wakanda milango, na mwishoni analinunua lile jengo la Oakland liwe kituo cha kusaidia watu wa pale. Adui amekufa, ila nusu ya hoja yake imekuwa sera ya nchi.

Muziki unabeba yote haya. Ludwig Göransson alikwenda Senegal na kusafiri na Baaba Maal kabla ya kutunga. T'Challa akapewa ngoma ya tama, ile inayobanwa kwapani na kubadilika sauti kama maneno, iliyopigwa na Massamba Diop. Killmonger akapewa filimbi ya Wafulani, na chini yake besi nzito na matoazi ya haraka ya hiphop ya Marekani. Filimbi ni ya Afrika, besi ni ya Oakland. Ukisikiliza tu unajua mtu huyu ana asili mbili zisizopatana. Göransson alipata Oscar kwa kazi hiyo, na filamu ikachukua nyingine mbili, za mavazi na za usanifu wa mandhari. Pia ilikuwa filamu ya kwanza ya mashujaa wa aina hii kuteuliwa kwa Oscar ya filamu bora.

Mavazi ya Ruth E. Carter yanastahili kutazamwa mara ya pili huku sauti imezimwa. Shanga na wekundu wa Dora Milaje, walinzi wanawake wa mfalme, vinatoka kwa Wamasai, mablanketi ya watu wa mpakani ni ya Wabasotho, kofia ya malkia Ramonda, mama wa T'Challa, imefuata isicholo ya Kizulu na ikachapishwa kwa mashine. Killmonger peke yake anatembea na nguo za mtaani. Jambo moja litamchekesha mtu wa huku: Wakanda imewekwa Afrika Mashariki, lakini wananchi wake wanaongea Kixhosa. Kisa ni kwamba John Kani, Mxhosa wa Afrika Kusini aliyecheza T'Chaka kwenye filamu ya 2016, aliingiza lugha yake na ikabaki. Lupita Nyong'o wa Kenya na Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, wakalazimika kujifunza kama wengine.

Sasa dosari. Pambano la mwisho mgodini, kwenye reli ya treni, ni bovu. Miili ya wapiganaji imechorwa kwa kompyuta, haina uzito, inaruka kama mpira na kutua bila vumbi. Linganisha na changamoto za maporomokoni: kule seti ilijengwa kweli, maji yakasukumwa kwa pampu, waigizaji wamelowa na kuteleza, na kila kipigo unakihisi. Isitoshe, Everett Ross, jasusi wa CIA anayerusha ndege kutoka mbali anatuchomoa kwenye ugomvi wa ndugu kila tunapoanza kuuingia. Kinachookoa ni dakika mbili za machweo, Killmonger akikataa kutibiwa. Alama 8.5 kwa 10.

Wakanda Forever ilianza na pengo ambalo hakuna mwandishi angelipanga. Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020, na nafasi yake haikupewa mwigizaji mwingine. Filamu ikawa matanga, na kama matanga imefaulu: Angela Bassett akiwa Ramonda anapofoka kwenye kiti cha enzi kwamba ametoa kila alichonacho, ukumbi wowote hunyamaza.

Adui wake, Namor (Tenoch Huerta), alikuwa na kila kiungo. Katika vitabu vya picha ni mtu wa Atlantis tangu 1939. Coogler akamhamishia Talokan, mji wa Wamaya walioikimbia ndui na Wahispania wakajificha baharini. Anapotoka majini kumzika mama yake anakuta shamba la watumwa, analichoma, na kasisi anayekata roho anamwita mtoto asiye na upendo, kwa Kihispania "sin amor". Jina lake limetoka kwenye laana hiyo. Huo ni utambulisho wa dakika chache usio na neno la ziada.

Kilichoharibika ni mwelekeo wa hasira yake. Killmonger alidai kwa T'Challa kitu ambacho ukoo wa T'Challa ulikuwa na deni nacho. Namor anadai kwa mataifa ya nchi kavu yanayotafuta vibranium baharini, lakini kipigo anakipeleka Wakanda, ambao hawakumkosea lolote kama hilo. Wenye deni halisi wanatokea kidogo mwanzoni, kisha wanabaki ofisini huku watu wawili walioonewa wakiuana. Mtu anaweza kusema hiyo ndiyo hoja yenyewe, lakini filamu haikai nayo. Inakimbilia kwa Riri Williams, mwanafunzi mvumbuzi wa Kimarekani, na deraya yake, kwa Ross na mtalaka wake, mpaka dakika 161 zinajaa. Halafu Wakanda wanakwenda kupigana na watu wa majini katikati ya Bahari ya Atlantiki, juu ya meli. Shuri, dada mdogo wa T'Challa, anajua kabisa kwamba ukavu ndio unaommaliza Namor, na hila ya kumkausha ndani ya chombo ni nzuri. Ila kuwapeleka askari wengine wote kwenye maji ya adui, hata kamanda wa mgambo asingekubali.

Onyesho bora la muendelezo linathibitisha tatizo. Shuri anakunywa dawa aliyoitengeneza upya akitarajia kumwona marehemu mama yake, na anayemkuta kwenye kiti ni Killmonger, akimuuliza atakuwa mwema kama kaka yake au atamaliza kazi kama yeye. Dakika chache za marehemu wa filamu iliyopita zinamtikisa Shuri kuliko alivyotikiswa na Namor saa nzima. Alama 6.5, na moja kati ya hizo ni ya Bassett.

Kwa atakayezitazama nyumbani: Talokan imepigwa picha gizani kwelikweli, kwa hiyo simu au projekta dhaifu mchana itakuonyesha vivuli tu. Subiri usiku, zima taa, ongeza mwanga wa skrini. Toleo lenye DJ anayetafsiri juu ya sauti lina raha yake, lakini litaifunika filimbi ya Killmonger, basi anza na sauti ya asili na maandishi ya chini, kisha rudia na DJ. Anza na ya 2018, maana bila hiyo lile onyesho la Shuri halina uzito. Na usizime mapema: ya kwanza ina vipande viwili kwenye majina ya mwisho, cha pili kikiwa baada ya majina yote. Ya pili ina kimoja tu, cha Haiti, na kikishapita unaweza kwenda kulala.