Kadi za Maoni ya Watoto Maktabani: Huduma Nzuri Iliyofungwa na Maswali Yake

Huduma ninayoitathmini hapa si ngumu kuieleza. Kila mtoto anayerudisha maktabani kitabu alichokimaliza hupewa kadi ya maoni; akiijaza, kadi hubandikwa ndani ya jalada la nyuma ili msomaji anayefuata aione, na mara moja kwa wiki watoto huketi pamoja na mkutubi kujadili walichokisoma. Binti yangu ni mshiriki wa kudumu, nami nimepata nafasi ya kuzisoma kadi nyingi, zake na za wenzake. Kwa maoni yangu mjadala unaizidi kadi kwa mbali, na kasoro ya kadi haitokani na watoto bali na maswali wanayoulizwa.

Swali la kwanza, ambalo limetengewa zaidi ya nusu ya kadi, humtaka mtoto aeleze kitabu kinahusu nini. Anachoandika ni muhtasari: mhusika alitoka huku, akaenda kule, akakutana na fulani, na nafasi inakwisha kabla maoni hayajaanza. Anayetafuta kitabu cha kuazima haambiwi lolote ambalo halimo tayari kwenye jalada, isipokuwa mwisho wa hadithi, ambao watoto huufichua bila huruma. Chini yake kuna nyota 5 za kupakwa rangi, na karibu kila mtoto huzipaka zote, kwa kuwa kupaka rangi kunafurahisha na kwa kuwa kadi inarudi mikononi mwa mtu mzima yuleyule aliyemchagulia kitabu.

Swali la mwisho, linalouliza ungempa nani kitabu hiki, limeachiwa mstari mmoja tu, ilhali ndilo lenye utajiri. Mtoto mmoja alijibu kwamba angempa mtu aliyegombana na rafiki yake na hataki kuulizwa habari hiyo. Mwingine alikipendekeza kwa dada yake, asiyependa hadithi ambazo mnyama hufa. Majibu ya namna hiyo humweleza msomaji na kitabu kwa pamoja. Jambo moja la kuangalia ni kwamba watoto hupenda kupendekeza vitabu kwa walio wadogo kuliko wao. Mwaka 1936 mchapishaji wa Uingereza, Stanley Unwin, alimpa mwanawe Rayner, aliyekuwa na umri wa miaka 10, muswada wa The Hobbit wa J.R.R. Tolkien ausome na kuutolea maoni kwa malipo ya shilingi moja. Mtoto huyo aliusifu, akaongeza kwamba ungewafaa watoto wa miaka 5 hadi 9, na mwaka uliofuata kitabu kikachapishwa. Kwa hiyo kadi ikidai kwamba kitabu fulani ni cha watoto wadogo, mzazi asiharakishe kukirudisha kwenye rafu. Huenda mwandishi wa kadi alikipenda kuliko anavyotaka ijulikane.

Kwenye mjadala mambo ni tofauti kabisa. Mkutubi hufuata njia iliyoelezwa na Mwingereza Aidan Chambers katika kitabu alichokichapisha mwaka 1993, yaani kuanza na neno "niambie" na kuuliza mambo manne: ulichokipenda, usichokipenda, kilichokutatiza, na mambo uliyoona yakijirudia au kuhusiana. Chambers alitahadharisha dhidi ya swali la "kwa nini", kwa sababu mtoto hulisikia kama anayehojiwa. Nilipohudhuria, lile la tatu ndilo lililofungua vinywa. Mvulana aliyekuwa kimya muda wote alisema kwamba maandishi yanamtaja mbwa mweusi lakini mchoro unaonyesha mbwa wa kahawia; kurasa zikafunuliwa, wengine wakamlaumu mchoraji, na msichana mmoja akauliza kama pengine anayesimulia hadithi ndiye asiyesema kweli. Hakuna kadi hata moja iliyowahi kufika hapo, na hilo si ajabu, maana hakuna mahali palipotengwa kwa ajili ya kutatizwa.

Wala hakuna mahali pa mtoto aliyekiacha kitabu njiani. Mwandishi Mfaransa Daniel Pennac, katika orodha yake ya haki 10 za msomaji aliyoitoa mwaka 1992, aliiweka wazi haki ya kutomaliza kitabu. Maktaba hii humpa kadi yule tu aliyekimaliza kitabu. Ukurasa ambao watoto watatu tofauti wameshindwa kuuvuka ni habari muhimu kwa mzazi, na kwa mchapishaji pia, lakini habari hiyo inapotea. Aidha, tahajia husahihishwa kwa wino mwekundu kabla kadi haijabandikwa, na nimegundua kwamba baada ya masahihisho ya kwanza maoni ya binti yangu yalipungua kutoka mistari sita hadi miwili. Wasioweza kuandika husaidiwa na mhudumu, huduma ya kupongezwa, ingawa maneno yao hutoka yamenyooshwa mno hata mtoto wa miaka mitano akasikika kama mwalimu.

Katika suala la usalama sina lalamiko: kadi hubeba jina la kwanza na umri tu.

Kwa mzazi anayefikiria kumwandikisha mtoto, ningeshauri aanze na kikao cha mjadala, kadi zije baadaye. Na mtoto akipewa kadi, ni heri aanze kuijaza kutoka chini.