Kununua gari la dizeli la familia lililotumika: lipi la kwanza, lipi la kuliacha

Injini ya dizeli ya kisasa haiuawi na kilomita. Inauawa na masizi na oili chafu, na mambo hayo mawili hutokana zaidi na namna gari lilivyoendeshwa kuliko umri wake. Mazda CX-5 yenye kilomita 140,000 za barabara kuu inaweza kuwa salama kuliko nyingine yenye kilomita 60,000 za kupeleka watoto shule na kurudi. Muuzaji wa yadi atakuonyesha odometa kwanza. Wewe anza kwenye oili.

Kabla ya kutaja gari lolote, jiulize safari zako zikoje. Dizeli karibu zote zilizotoka Japani kuanzia 2010 zina DPF, chujio ndani ya ekzosi linalokamata masizi. Likijaa, kompyuta inaamuru dizeli ya ziada ipigwe ndani ya silinda ili joto la ekzosi lifike nyuzi 600 hivi na masizi yaungue. Kazi hiyo inahitaji dakika 10 hadi 20 za mwendo usiokatika. Ukizima gari katikati, masizi yanabaki, na ile dizeli ya ziada iliyoteleza kwenye kuta za silinda inashuka kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini, na kuchanganyika na oili. Siku ya pili kompyuta inaanza upya, na siku ya tatu vilevile. Ndiyo maana dizeli ya foleni huwa na oili inayopanda badala ya kupungua. Mafuta yetu pia ni machafu kwa mfumo huo: dizeli ya Japani ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, wakati kiwango ambacho nchi za Afrika Mashariki zilianza kukitumia 2015 kilikuwa sehemu 50.

Kwa hiyo kama maisha ya gari ni Tegeta hadi Posta jijini Dar es Salaam kwa foleni, au Rongai hadi mjini Nairobi, nunua la petroli au haibridi. Dizeli inamfaa anayeenda mkoani kila mwezi, anayebeba watu saba na mizigo, au anayeweza walau mara moja kwa wiki kukimbiza gari nusu saa kwenye barabara iliyo wazi. Sheria za umri nazo zinaamua bajeti: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na Tanzania inalipokea kuukuu lakini kwa kodi ya uchakavu inayopandisha gharama.

1. Toyota Land Cruiser Prado 2.8 (GDJ150), 2015 na kuendelea

Kama mfuko unaruhusu, hili ndilo la kwanza. Injini ya 1GD-FTV inatumia cheni, si mkanda, ina torki (nguvu ya kuvuta) ya Nm 450, na mafundi wanaoifahamu wako kila mkoa kwa sababu ndiyo iliyo kwenye Hilux na Fortuner. Vipuri havikosekani.

Matatizo yake ni mawili. Kwanza DPF, hasa kwa gari lililokaa mjini. Pili, Prado za Japani zinatumia AdBlue, maji ya urea yanayomwagwa kwenye tanki lake maalumu. Yakiisha kabisa, injini ikizimwa haiwaki tena, hata kama tanki la dizeli limejaa. Tazama mdomo wa tanki la AdBlue: ukikuta ukoko mweupe mwingi kama chumvi, mfumo umekuwa ukivuja au ukijazwa ovyo. Uliza pia kama programu ya AdBlue imezimwa na fundi. Gari likiwa hivyo, hakikisha angalau kazi hiyo haikuacha taa zilizofichwa kwenye dashibodi.

Onyo kwa wanunuzi wa mtandaoni: Japani haikuuza Prado ya dizeli kati ya 2007 na katikati ya 2015. Ukiona tangazo la Prado ya dizeli ya 2012 "kutoka Japani", ama imetoka nchi nyingine, Uingereza kwa mfano, ama imebadilishwa injini, ama tangazo si la kweli. Soma namba ya modeli kwenye kibati: GDJ ni dizeli ya 2.8, KDJ ni dizeli ya 3.0, TRJ ni petroli ya 2.7.

2. Mazda CX-5 2.2 (KE2 na KF2P), na CX-8 kwa wenye watoto wengi

Kwa bei yake, hakuna dizeli ya familia inayokupa nguvu na ulaji huu mdogo wa mafuta. Nm 420 za torki zinapanda mlima wa Kitonga bila kulalamika. Ila ndilo gari linaloadhibu uzembe kuliko yote kwenye orodha hii, kwa hiyo tutakaa nalo.

Hakikisha kwanza ni dizeli kweli. KE2FW na KE2AW ni dizeli ya 2.2; KEEFW na KE5FW ni petroli. Umbo la 2017 na kuendelea, dizeli yake ni KF2P.

Tatizo kubwa linaanza na kitu kidogo: washa ya nozo. Nozo, kifaa kinachopiga dizeli ndani ya silinda, hukaa kwenye silinda hedi juu ya washa ndogo ya kuziba. Washa ikichoka, gesi ya mwako inapenya pembeni ya nozo na kuingia chini ya kifuniko cha vali, huku ikiibadilisha oili kuwa lami. Vipande vya lami hiyo vinashuka kwenye sampu na kuziba wavu wa bomba linalofyonza oili. Presha ya oili inaanguka, na wa kwanza kufa ni turbo, kisha kemshafti, hasa ya upande wa ekzosi. Wengi huuziwa turbo mpya, nayo inakufa baada ya miezi michache, kwa sababu hakuna aliyefungua sampu kuangalia wavu. Turbo ya CX-5 ikiwa imebadilishwa, dai kujua kama wavu ulisafishwa na washa za nozo kubadilishwa. Jibu likiwa "hapana" au kigugumizi, ondoka.

Hatua za kukagua ni hizi. Chomoa kijiti cha kupimia oili injini ikiwa baridi. Juu ya alama ya kujaa kuna alama ya X. Oili ikiwa imefika hapo, imechanganyika na dizeli. Inuse: oili yenye dizeli hunuka wazi na huteleza vidoleni kama maji. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili na umulike ndani kwa tochi. Weusi wa kawaida wa dizeli ni sawa. Ukoko mgumu unaong'aa unaoweza kuukwangua kwa ukucha si sawa. Tatu, unganisha mashine ya kusoma kompyuta na utazame umbali kati ya uchomaji mmoja wa DPF na mwingine. Kwa injini yenye afya ni kilomita 200 hivi au zaidi. Ikiwa gari linachoma kila kilomita 50 au 80, kuna nozo inayotona, vali ya EGR (inayorudisha sehemu ya gesi ya ekzosi ndani ya injini) iliyokwama, au DPF yenyewe imeshiba majivu ambayo hayaungui tena.

Masizi hujaa pia kwenye manifoldi ya hewa, mpaka tundu linabaki nusu. Dalili ni gari kuwa zito chini ya mizunguko 2,000 na kunywa mafuta. Dawa ni kufungua manifoldi na EGR na kuzisafisha kwa mkono. Dawa za kumwaga kwenye tanki haziwezi kufika huko, kwa kuwa mafuta hayapiti kwenye njia hiyo.

Chagua la 2015 na kuendelea lenye rekodi ya sevisi. CX-8 (KG2P) ina injini ya familia hiyo hiyo na safu tatu za viti, na kwa sababu ni gari jipya zaidi, nyingi bado hazijafika umri wa matatizo.

3. Mitsubishi Delica D:5 2.2 (CV1W)

Watu wanaipita kwa sababu ya sura. Ni kosa. Ina viti 7 au 8, 4WD kwenye dizeli zote, na inapita barabara ya vumbi ambayo Noah inaiogopa. Injini ya 4N14 ni ya cheni. Kagua EGR na DPF kama kwa CX-5, na ukae chini kuangalia diferensho la nyuma na bushi za mbele, maana gari hili hupewa mzigo. Za kuanzia 2019 zina gia 8 na zinatumia AdBlue. Za kabla ya hapo zina gia 6 na hazina AdBlue, na kwa barabara zetu hizo za kabla ndizo rahisi kuishi nazo. Udhaifu wake ni vipuri vya bodi: taa ya mbele ikivunjika utasubiri.

4. Toyota Prado 3.0 (KDJ120)

Kwa Kenya ni la kununua kutoka kwa mtu aliye nalo nchini tayari, maana limepita umri wa kuagizwa. Injini ya 1KD-FTV inaweza kufika mbali sana, lakini ina ugonjwa uleule wa washa za nozo kuvuja na wavu wa oili kuziba, na nozo zake zikichakaa hupiga mafuta mengi mpaka pistoni zinapasuka. Isikilize asubuhi ikiwa baridi: mlio wa kugonga wa silinda moja, unaopungua injini inapopata moto, ni nozo. Mashine ya Toyota inaonyesha marekebisho ya kila nozo injini ikiwa na moto na ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Namba zinapaswa kuzunguka sifuri. Nozo inayovuka 3 juu au chini ni ya kwenda kupimwa, na ukibadilisha, namba zake lazima ziandikwe kwenye kompyuta ya gari.

Mkanda wa taiming hubadilishwa kila kilomita 150,000. Taa yake kwenye dashibodi huzimwa kwa dakika moja bila mkanda kuguswa, kwa hiyo kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa. Ukikatika, pistoni zinagonga vali. Faida yake kubwa ni kwamba haina AdBlue.

KZJ95 ya zamani, yenye injini ya 1KZ-TE, ni jambo jingine. Silinda hedi yake hupasuka ikichemka. Usiichukue kabla ya kupima presha ya rejeta na kuona kama mapovu yanatoka injini ikiwa inaunguruma.

5. Nissan X-Trail 20GT (DNT31)

Bei nzuri, injini ya 2.0 yenye cheni na Nm 360, bodi ngumu. Tatizo ni kwamba fundi wa kawaida ameizoea ile ya petroli, na vipuri vya injini hii ya M9R mara nyingi huagizwa. Sikiliza cheni ikiwa baridi. Inunue tu kama unajua nani atakayeitengeneza.

Za kuacha

Mazda Demio na CX-3 za dizeli ya 1.5 zinavutia kwa ulaji wa mafuta, lakini hununuliwa kwa mizunguko ya mjini, na hapo ndipo injini hiyo ndogo inaposhiba masizi upesi. Ukienda mkoani kila wiki, sawa. BMW za dizeli zenye injini ya N47, hasa za 2007 hadi 2011, ziache kabisa: cheni yake iko nyuma, upande wa gia boksi, na kuibadilisha ni kushusha injini.

Siku ya kukagua, kwa gari lolote

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha weka kiganja kwenye boneti. Likiwa na moto, rudi siku nyingine. Moshi mweupe unaonuka dizeli baada ya kuwasha ni hita plagi (za kupasha silinda moto) au nozo. Wa bluu ni oili, mara nyingi turbo. Mweusi unaoendelea ni mafuta mengi au hewa kidogo.

Kisha chukua kitambaa cheupe ukifute ndani ya bomba la ekzosi. Gari lenye DPF nzima huacha alama ya kijivu tu. Kitambaa kikitoka cheusi tititi, DPF imepasuka au imekatwa na kutolewa matumbo. Kuitoa si lazima kuwe sababu ya kuliacha gari, lakini bei ishuke, na programu iwe imerekebishwa. Vinginevyo kompyuta itaendelea kuchoma chujio lisilokuwepo na kumwaga dizeli kwenye oili yako.

Kwa gari linaloagizwa, dai karatasi ya mnada. Daraja R au RA maana yake liligongwa na kutengenezwa. Linganisha kilomita za karatasi hiyo na zile za cheti cha usafirishaji cha Japani. Zikipishana kwa kurudi nyuma, umeokoa fedha zako.

Wiki ya kwanza baada ya kununua

Tenga asilimia 10 hadi 15 ya bei kwa kazi za mwanzo. Badilisha oili na filta yake, filta ya dizeli na ya hewa. Kwa gari lenye DPF tumia oili ya daraja la DL-1 au C3. Zile za malori za 15W-40 huacha majivu yanayoziba chujio moja kwa moja. CX-5 inachukua lita 5.1 pamoja na filta, Prado ya 2.8 lita 7.5. Usijaze kupita alama. Baada ya hapo badilisha kila kilomita 5,000, na filta ya dizeli kila kilomita 10,000, ukimwaga maji yaliyotuama chini yake, kwa sababu tone la maji au dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huua pampu na nozo nne kwa pamoja. Jaza kwenye kituo chenye wateja wengi, na usijaze wakati lori la mafuta linashusha.