Eksirei ya mtoto hapa Mwanga Kigoma, hawa jamaa wako makini na mionzi

Wadau wa Kigoma mnaoulizaga mtoto apigwe wapi eksirei, mimi nasema kile kituo binafsi cha huku Mwanga nilikompeleka kijana wangu alivyoanguka mkono ukavimba. Bei iko juu kidogo ila kwenye mionzi aisee wanajua wanachofanya.

Kaka wa eksirei kabla hajagusa mashine aliuliza kama kuna picha tulishapiga kwingine, maana kama ipo na inasomeka hana sababu ya kurudia. Afu akaubana ule mwanga wa kulengea, unaoonyesha mionzi itapiga wapi, ukabaki kwenye mkono tu, kifua hakimo, akaiseti mashine kwa kiwango cha mtoto sio cha mtu mzima. Mimi akaniuliza, "Dada, huna ujauzito?" nikasema sina, nikavalishwa aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi nikamshika mwanangu, bibi yake akaombwa atoke nje. Watu wanadharau hiyo ya kutoka lakini umbali ukiongezeka mara mbili mionzi inabaki kama robo tu, na haina gharama yoyote.

Picha ilivyotoka ilikuwa na chengachenga kidogo, shemeji yangu akaanza kulalamika mbona haijang'aa kama ya siku ile ya mjomba. Daktari ufa akauona palepale. Hapo ndo nilipowapenda kabisa, chenga hizo ni dalili hawakuzidisha mionzi, kwa sababu hizi mashine za dijitali ukizidisha mionzi picha inazidi kuwa safi, sio kama filamu za zamani ukizidisha inakuwa nyeusi unajua umeharibu, kwa hiyo mtu asiyejali anaweza kuwazidishia watoto wetu kila siku na sisi tunamsifia picha nzuri. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi ilishaweka kanuni tangu 1977, dozi, yaani kiasi cha mionzi anachopata mtu, iwe ndogo kadiri inavyowezekana kwa kuzingatia uchumi na hali ya jamii. Haimaanishi ishuke mpaka daktari asione kitu, maana mkirudia picha mtoto kala dozi mara mbili.

Msiogope lakini, eksirei ya mkono haifiki hata sehemu moja ya mia ya milisiveti (ndo kipimo cha dozi ya mionzi), wakati binadamu kwa wastani duniani anapata kama milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Siti skani ya tumbo, ile mashine ya eksirei inayopiga picha nyingi kwa kuzunguka mwili, ndo inakwenda kama 8. Na ile milisiveti 1 kwa mwaka mnayosikia ni kikomo cha raia, haihesabu matibabu, mgonjwa hajawekewa kikomo, kwa hiyo anayemlinda ni huyohuyo anayempiga picha na umakini wake.

Kitu cha kurekebisha, taa nyekundu juu ya mlango haiwaki, nimeona mama mmoja anashika kitasa wakati ndani kuna mtu anapigwa eksirei. Jamani hiyo ni balbu tu, wekeni leo.

Nyota nne. Leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki, wale wanaosimamia usalama wa mionzi nchini, wameibandika mapokezi, iulizieni na huko mnakoenda nyie. Asubuhi foleni ni ndefu, nendeni mchana.