Kiti cha pikipiki kwa safari ndefu: ununue nini kwanza

Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni kama kilomita 190, na waendesha pikipiki wengi huanza kuhamahama kwenye kiti kabla hawajaiona Chalinze. Wakirudi, wanakimbilia dukani kutafuta kitu laini cha kuweka juu. Hapo ndipo hela inapopotea. Kiti kinachoumiza baada ya saa moja mara nyingi tatizo lake si ugumu. Ama sponji imechoka, mifupa miwili ya kukalia inazama hadi kugusa plastiki ya chini, ama kiti kinateremkia kwenye tangi, uzito unahamia kwenye kinena na ganzi inaanza.

Kwanza kagua visivyo na gharama. Shokapu za nyuma za pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zina kola ya ngazi ya kukazia springi. Kama zimekazwa kwa ajili ya mizigo na wewe unasafiri peke yako, kila shimo litapanda mgongoni. Zilegeze, pande zote mbili ziwe ngazi moja. Upepo wa tairi uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko au kitabu cha pikipiki. Na jinzi yenye mshono mnene katikati ya makalio iache nyumbani. Ikiwa maumivu bado yapo, sasa toa hela, kwa mpangilio huu.

1. Kumpelekea fundi wa viti kiti chako akijenge upya

Hili ndilo chaguo letu la kwanza, kwa sababu ndilo pekee linalotibu umbo lenyewe la kiti. Fundi anayeshona viti vya magari anaweza kazi hii, mradi umwelekeze vizuri. Ukimwambia tu "niongezee sponji", atakuwekea ya godoro, ya kama kilo 20 hadi 25 kwa mita ya ujazo, na itabonyea mapema. Dai ya kilo 50 au zaidi. Chini ya mifupa ya kukalia iingie sponji ya vipande vilivyogandishwa, ile yenye rangirangi, ambayo huanzia kama kilo 80. Jaribio la dukani: bonyeza kwa gumba kwa nguvu zako zote. Ukihisi meza upande wa pili, iache.

Nenda na vipimo vyako. Kalia kipande cha boksi juu ya kiti kigumu kwa dakika mbili, ukiinama mbele kidogo. Vitabaki vishimo viwili, na umbali kati yake kwa watu wengi ni sentimita 10 hadi 14. Sehemu bapa ya kiti lazima ivizidi vishimo hivyo pande zote mbili. Kiti chembamba kinachokata paja hakitakufaa hata kiwekewe sponji ya bei gani.

Kisha pima mteremko. Pikipiki isimame kwa matairi yote mawili, isiwe kwenye stendi kubwa, mtu aishike, uweke pimamaji ya fundi mwashi mahali unapokaa. Kiti kikiteremkia mbele, fundi apunguze sehemu ya nyuma au aongeze kabari ya sentimita 1.5 hadi 2 upande wa tangi. Sisi tunapendelea kupunguza, hasa kwa mwenye miguu mifupi, maana kila sentimita inayoongezwa inauondoa unyayo wako chini unaposimama kwenye foleni.

Ndani, mwambie akate shimo kwenye sponji ya zamani, apachike humo ile ngumu yenye unene wa sentimita 2 hadi 3, kisha juu yake tabaka laini la sentimita 1 tu la kuficha kingo. Gundi ipakwe nyembamba pande zote mbili na iachwe hadi isinate kidoleni ndipo vibandikwe. Ikiwa nene hukauka na kuwa ukoko utakaouhisi ukiwa njiani. Kabla ya reksini itandazwe nailoni, kwa sababu maji hupita kwenye matundu ya uzi na sponji iliyolowa hukaa na maji siku nyingi. Mshono usipite mahali unapokalia. Pini za stepla ziwe za milimita 6 na zisiwe za kushika kutu. Ndefu kuliko hapo huchomoza kwa ndani.

Usilipe yote kabla hujakikalia dakika 20 mfululizo.

2. Mto wa hewa

Unafaa sana kwa anayebadilisha pikipiki au asiyetaka kugusa kiti cha kiwandani. Karibu kila anayeulalamikia ameujaza kupita kiasi. Jaza, kaa, kisha fungua vali utoe hewa hadi mifupa ikaribie kugusa kiti, ibaki nafasi ya sentimita 1 hadi 2. Ukijazwa ukakaza, pikipiki inayumba chini yako kwenye kona. Jua huukaza, na mwinuko pia: ukipanda kutoka Mombasa kwenda Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, utalazimika kupunguza hewa njiani. Beba viraka.

3. Ngozi ya kondoo au neti nene

Hivi havirekebishi umbo, vinaondoa joto na jasho, na jasho ndilo linalochubua. Neti ndiyo bora kwa ukanda wa pwani kwa kuwa hukauka haraka. Ibane kwa vidole, ikichelewa kurudi usinunue. Chagua yenye mikanda ya kufungia chini ya kiti, kwa sababu inayoteleza ni hatari unapofunga breki. Ngozi hupendeza Njombe au Limuru kwenye baridi, ila mvua huiharibia raha yote. Choma unyoya mmoja: wa kweli hunuka nywele, wa bandia huyeyuka.

4. Jeli

Jeli haibonyei kama sponji, inasambaa tu, hivyo juu ya sponji iliyochoka inazama nayo. Ukiiacha juani inahifadhi joto na kukuunguza. Kama umeshaipenda, fundi aizike chini ya tabaka la sponji la sentimita 1 au zaidi.

5. Kipande cha godoro chini ya kava

Usinunue. Kinakupa raha siku ya kwanza, kinakuinua, kinakuyumbisha, kisha kinabonyea na kukurudisha kwenye plastiki ileile. Abiria wako ndiye anayeumia zaidi, maana sehemu yake ya kiti huwa nyembamba na anakaa karibu juu ya gurudumu la nyuma. Kiti kikiwa tayari kimefunguliwa kwa fundi, na sehemu ya abiria iwekewe ile sponji ngumu.