Gereji imenibadilishia betri na alteneta, kumbe ni waya wa eathi

Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hiyo mnisamehe nikirukaruka. Gereji yenyewe iko huku Minneapolis, Marekani, jina naliacha.

Gari langu ni la mwaka 2004, la Kijapani, na mimi nalipenda jamani, ndo linanipeleka shifti ya usiku kuhudumia wazee na ndo linampeleka mtoto shule. Sasa kwenye ile baridi kali, siku moja ilikuwa hasi 15 za Farenheiti, yaani kama hasi 26 kwa Selsiasi, niko barabara ya Hiawatha nimesimama taa nyekundu na mtoto yuko nyuma. Hita nimefungulia mpaka mwisho, taa zinawaka, kioo cha nyuma nacho nimekiwashia umeme kiyeyushe barafu. Naona taa za dashibodi zinafifia, feni inapunguza sauti, taa ya betri inawaka, gari hilooo likazima. Nawasha, ta-ta-ta-ta-ta. Nawasha tena, ta moja, kimya. Honi nyuma yangu, na ile baridi ukizima gari haichukui dakika kumi inaingia mpaka kwenye mifupa.

Akaja kijana na gari la kuvuta, huyu namsifu, alimpa mwanangu blanketi kabla hata ya kuniuliza chochote. Akabusti, kibano chekundu kwenye betri, kile cheusi akakibana kwenye chuma cha injini, likawaka hapo hapo. Shikeni hapo kwenye kibano cheusi, nitarudi.

Gereji wakapima na kile kimashine chao, wakasema betri imechoka. Sikubisha. Ilikuwa betri ya miaka minne na kwenye baridi ya namna ile betri inabaki na kama nusu ya nguvu yake, huku oili ya injini imekuwa nzito kama asali, stata inataka umeme mwingi zaidi kuizungusha. Nikalipa. Nikaendesha siku tatu nne vizuri tu, nikasema alhamdulillah. Halafu likazima tena, mtindo ule ule, nimesimama kwenye taa, hita juu.

Narudi. Hapa ndo penyewe. Nikamwambia yule bwana wa kaunta, kwa adabu kabisa, hebu naomba muangalie na waya wa eathi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye chuma cha injini na bodi. Mimi nimekulia Tanga, marehemu kaka yangu aliendesha daladala miaka mingi, na gari likifanya hivi kitu cha kwanza alikuwa anashika zile nyaya, anazitikisa, anafungua vichwa vya betri anavisugua. Yule bwana hakunitazama hata usoni. Akasema kompyuta haidanganyi, ni alteneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka. Halafu akaongeza, kwa sauti, watu wote waliokaa pale wanasikia, "Gari kama hili ningekuwa wewe ningelipeleka kwenye vyuma chakavu." Na mwenzake akacheka.

Nimetoka kazini saa 12, sijalala, nina mtoto, na mtu ananichekea gari langu. Wallahi mpaka leo nikikumbuka kile kicheko nasikia uso unawaka. Angeniambia gari ni bovu kwa heshima ningemwelewa. Lakini ile ya kunisemea mbele za watu kana kwamba mimi kuuliza tu ni kosa, hapana.

Nikalipa alteneta. Jumla na betri zimepita dola 700.

Wiki haijaisha, theluji ikashuka ya maana, jiji likatangaza dharura ya theluji. Kwa wasioishi huku, ikitangazwa hivyo lazima uhamishe gari, siku hii upande huu wa mtaa, siku inayofuata upande ule, ili magari ya kukwangua theluji yapite, usipohamisha wanalivuta wanakwenda kulifungia na kulikomboa ni hela. Naenda kuwasha, ta. Nilikaa mle ndani nikalia.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja jirani yangu, Mkongo, alikuwa fundi Lubumbashi miaka mingi. Nikampa shikamoo, akaniuliza swali moja tu: "Mama, siku ile gari iliwaka, ile pensi nyeusi walitia wapi?" Pensi ndo kibano. Nikamwambia kwenye chuma cha injini. Akasema basi, iko waya ya masi, ndo eathi kwa Kiswahili chao, maana kile kibano kiliuruka waya mbovu ndo likawaka. Akaleta mita ndogo, ncha moja kwenye kile kichwa chenyewe cha hasi cha betri, ncha nyingine kwenye chuma cha injini, akaniambia washa. Mita ikasoma volti 4 na ushee. Akanieleza kwamba pale haitakiwi kuzidi hata nusu volti, umeme mwingi unapotelea njiani kabla haujafanya kazi. Betri yenyewe ilikuwa nzima, ukiipima peke yake inasoma vizuri, na kile kimashine cha gereji kinabanwa kwenye betri moja kwa moja kwa hiyo hakiwezi hata siku moja kuona ubovu wa waya! Na ndo maana gari lilikuwa linazima likiwa kwenye taa: injini ikiwa silensa, yaani inanguruma tu hujakanyaga mafuta, alteneta inatoa umeme kidogo, hita na mataa vinataka mwingi, na betri haiwezi kusaidia kwa sababu njia yake karibu imekatika.

Akachana ile ganda ya plastiki ya waya. Ndani unga wa kijani na mweupe, nyuzi za shaba zimeliwa zimebaki chache. Chumvi hii wanayomwaga barabarani. Spana namba 10, msasa wa kusugua pale unapofungiwa kwenye bodi, waya mpya dola 20. Nikapiga stata mara moja, likawaka, nikahamisha gari nikiwa natetemeka mikono.

Sasa nyota ngapi. Nilipoanza kuandika nilisema mbili, maana yule kijana wa gari la kuvuta ni wao pia, na niliporudi na ule waya mkononi meneja alinirudishia hela ya kupima, akaomba radhi, tena vizuri. Kwa hilo nilitaka niwe muungwana. Betri pengine kweli ilikuwa ya kubadilishwa, sikatai. Lakini alteneta yangu ya zamani iko wapi? Nimeiomba, wamesema imeshakwenda. Mzee anasema angeweza kuipima, na mimi naamini ilikuwa nzima.

Na yule bwana wa kaunta alikuwepo pale pale meneja anaongea na mimi. Nilimuwekea ule waya juu ya kaunta, unga wa kijani unamwagika. Akauangalia, akachukua simu akajifanya anaongea na mteja. Hata pole hakusema.

Basi naibadilisha, nyota moja, na hiyo ni ya kijana wa blanketi. Gari liko mlangoni, leo asubuhi hasi 8, limewaka.