Kuagiza vitambaa Kariakoo nikiwa Songea: uzoefu wangu na muuzaji anayejua kueleza rangi

Mimi ni fundi cherehani hapa Songea, na sehemu kubwa ya kazi zangu ni sare: za sendofu, za harusi, za kwaya na za vikundi vya akina mama. Vitambaa vingi naagiza Kariakoo vinakuja kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo kosa la rangi likishapanda basi ni hasara ya nauli, muda na heshima yangu kwa mteja. Nimeagiza kwa wauzaji kadhaa wa WhatsApp na Instagram. Niliyebaki naye ni dada mmoja mwenye duka la vitambaa upande wa Mtaa wa Uhuru, na kilichonifanya nibaki ni jinsi anavyoeleza rangi. Bei zake si za chini kuliko wote pale Kariakoo. Nalijua hilo na bado naagiza kwake.

Wauzaji wengi ukiwauliza kitambaa ni rangi gani wanakujibu, "Kama unavyoiona kwenye picha." Jibu hilo limeshaharibu sare za watu wengi. Ninachokiona mimi ni skrini ya simu yangu, na skrini hazilingani. Simu nyingi siku hizi ukifika usiku zinajigeuza za manjano ili zisichoshe macho, hivyo kitambaa nilichokiona cheupe mchana, bibi harusi akikiangalia saa nne usiku anakiona krimu. Na kabla picha haijafika kwenye skrini ya mtu, kamera yenyewe imeshabahatisha. Inakisia mwanga uliopo ni wa namna gani, kisha inasawazisha rangi zote kwa kukisia huko. Kitambaa chekundu kikijaza picha nzima, simu haina cheupe cha kujipimia, na wekundu unatoka umepotoka. Zambarau ndiyo inayoonewa zaidi, mara nyingi inatoka bluu kabisa.

Wanaokumbuka lile gauni lililozua ubishi dunia nzima Februari 2015 watanielewa. Picha ni moja, lakini wengine waliapa kwamba ni jeupe na dhahabu, wengine kwamba ni la bluu na nyeusi. Gauni lenyewe lilikuwa bluu na nyeusi. Picha ilikuwa na mwanga usioeleweka, na kila mtu jicho lake lilikisia mwanga huo kivyake. Kama watu waliokaa meza moja, wanaangalia simu moja, waligombana, sembuse mimi wa Songea na muuzaji wa Dar?

Huyu dada anapiga picha mlangoni, kivulini, mchana. Hatumii flashi, hatumii taa za dukani, wala haweki zile programu za kupendezesha picha. Chini ya kitambaa anatandika karatasi nyeupe ya kawaida ya kuchapia, ile tunayoijua wote, ili nikiona karatasi imegeuka ya bluu au ya manjano nijue na kitambaa kimevutwa huko huko. Akimaliza picha ndipo anapokuja na maneno, na hapo ndipo anapowazidi wengine.

Nilipomwomba damu ya mzee kwa ajili ya sendofu, alinitumia picha, kisha ujumbe wa sauti: "Fundi, hii ni damu ya mzee inayoelekea kwenye kahawia, siyo ile inayoelekea kwenye zambarau. Hapo kwenye picha imetoka na wekundu mwingi, ukiishika mkononi imeiva zaidi ya hapo. Kama bibi harusi anaitaka ile ya kuelekea zambarau usichukue hii, nitakutafutia nyingine." Nilimsikilizisha bibi harusi ujumbe ule ule. Akasema anataka hiyo hiyo ya kahawia. Mzigo ulipofika nikaufungua mbele yake na mama yake, na hakuna aliyeuliza swali.

Ukiuangalia ujumbe ule utaona ametaja rangi, akataja inaelekea upande gani, akataja imekolea kiasi gani, halafu akasema picha imedanganya wapi. Hilo la mwisho sijawahi kulipata kwa muuzaji mwingine. Wengi wanaitetea picha kwa sababu ndiyo inayowaletea wateja, na picha yenye rangi kali inapendwa kuliko ile ya kweli. Kuna mmoja aliniuzia rangi ya jeshi, ikafika kijani nyingine kabisa, na nilipomlalamikia akaniambia simu yangu ni mbovu. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo, na iliyouzwa kwa sampuli ilingane na sampuli. Lakini muuzaji ambaye hakueleza chochote zaidi ya "kama picha" utamshika kwa lipi?

Jambo jingine ninalompendea ni swali lake: "Shughuli ni ya mchana au ya usiku?" Anauliza hasa nikitaka kuoanisha vitambaa viwili, kwa mfano kitenge cha akina mama na krepu ya wasimamizi. Vitambaa viwili vinaweza kufanana kabisa chini ya taa za dukani, mkivitoa juani vikaachana, kwa sababu dawa zilizotumika kuvitia rangi si moja na kila moja inaupokea mwanga kwa namna yake. Yeye anavishika vyote viwili pamoja, anaanza kurekodi video ndani ya duka, anatembea mpaka nje bila kukata. Nimeshaona kwenye video zake rangi mbili za machungwa zilizokuwa pacha ndani, kufika mlangoni moja ikageuka ya tofali. Kwa ukumbi wa usiku ningeweza kuzichukua. Zile zilikuwa za ibada ya asubuhi na picha za bustanini, nikaacha.

Na sisi tunaoshona sare tunajua balaa la jora. Kamati inaagiza, watu wanalipa, halafu wiki ya mwisho wanajitokeza wale ambao hawakuwa wamechangia, nao wanataka sare. Muuzaji wa kawaida atakukatia chochote kinachofanana. Lakini hata kiwanda kikiwa kimoja na namba ya rangi ikiwa ile ile, majora yaliyotiwa rangi kwa awamu tofauti hupishana kidogo, na wakisimama mstari mmoja kupiga picha inaonekana. Huyu anaandika namba ya jora kwenye risiti yangu. Nikirudi kuongeza anaangalia kwanza, na mara moja aliniambia wazi, "Lile limekwisha, hili lililopo limepauka kidogo, wapange hao nyuma au washonee vilemba tu." Alikuwa na uwezo wa kunyamaza akauza mita zake.

Tumefika mahali tunatumia hata namba za uzi. Wote wawili tuna uzi wa kampuni moja, basi analaza reli za uzi juu ya kitambaa mpaka apate ile ambayo rangi yake inapotelea humo, ananitajia namba, nami naitoa kwenye droo yangu na kuiangalia kwa macho yangu mwenyewe hapa Songea. Kwa rangi ambazo hazina jina la kueleweka, zile za kati ya ugoro na kijivu, hakuna njia iliyonisaidia kuliko hiyo. Fundi yeyote anayeagiza mbali aijaribu na muuzaji wake.

Upungufu upo. Jumamosi duka likijaa anaweza kukujibu jioni, na kama unataka mzigo upande basi la alfajiri utahangaika. Pia hataki kukisia: nikimtumia picha niliyotoa mtandaoni na kumwambia "nitafutie hii", anakataa mpaka nimweleze kwa maneno au nimpe namba ya uzi. Wateja wengine inawaudhi, mimi naona ana haki.

Panapomshinda kweli ni vitambaa vya kung'aa. Satini ya shaba aliyonieleza kuwa "kahawia yenye dhahabu" ilikuwa hivyo ikitandazwa mezani, lakini ikishonwa na kuning'inia, kila mkunjo ulikuwa na rangi yake na sehemu za kivulini zilionekana karibu nyeusi. Sidhani kama kuna maneno yanayoweza kuieleza satini ya namna hiyo ikatosha. Kwa hiyo tumekubaliana: kwa kitambaa cha kung'aa anakata kipande cha ukubwa wa kiganja, anakibana kwenye karatasi yenye namba ya jora na kukipandisha basi, nami nalipia nauli tu. Kwa pamba, kitenge na krepu natuma hela kwa maneno yake. Kwa satini na brokedi nasubiri kipande kwanza.